Somo la Nyundo

Harusi yenyewe haikumhusu Nzigire hata kidogo. Bibi harusi hamjui, bwana harusi hamjui, na huko Buffalo ilikofanyika hajawahi kukanyaga. Lakini Kavugho, aliyefanya naye kazi ghala moja pale Louisville, alikuwa amerudi na picha mia mbili kwenye simu, na mtu anayekupakia garini asubuhi na kukurudisha jioni, picha zake utaziangalia utake usitake. Basi saa ya mapumziko walikaa juu ya makreti, Kavugho akipitisha picha kwa kidole, Nzigire akisema "mzuri, mzuri" huku akitafuna mkate wake na kuwaza mambo mengine.

Kwenye picha ya arobaini na kitu aliacha kutafuna.

Bibi harusi alisimama mbele ya ukuta wa kanisa. Juu ya bega lake, ndani ya fremu ya kioo, palitundikwa bamba la chuma lenye ukubwa wa sinia ndogo, limechongwa uso wa mwanamke aliyefunga kilemba. Shavuni mwanamke huyo alikuwa na kovu la moto, dogo, la mviringo. Nzigire alilijua kovu hilo kwa vidole kabla hajalijua kwa macho, maana utotoni hakupata usingizi mpaka alishike.

"Rudisha," alisema. "Kuza hapo."

"Ule mama wa ukuta?" Kavugho akakuza. "Banasema njo mama ya artiste moya wa Columbus, Balagizi. Mwenyewe njo alichonga, akatolea kanisa zawadi. Bon, batu ba Cheektowaga bote banapigiaka picha pale."

Chini ya uso, kwa herufi kubwa zilizosomeka hata kwenye kioo cha simu, palikuwa na jina: BALAGIZI. Nzigire alimaliza zamu yake kama kawaida, lakini vifurushi alivyopanga mchana ule sijui vilifika wapi.

Mwanamke wa kwenye bamba alikuwa Veridiana, mama yake mzazi, aliyefariki Bukavu mwaka wa tisini na nne. Aliyemchonga alikuwa mumewe, Leonardi, baba yake Nzigire. Balagizi alikuwa mwanafunzi wa Leonardi, kijana aliyeingia nyumbani kwao na shati moja, akalala chumba cha uani miaka minne, akala sahani moja na watoto wa nyumba. Nzigire alimwita yaya, kama kaka yake mkubwa wa tumbo moja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko jina.

Leonardi alikuwa mtu wa ajabu kidogo, na majirani hawakuchoka kumsema. Mji mzima ulikuwa na wachonga mihuri ya mpira, yeye akang'ang'ania chuma. Ufundi aliupata kwa bruda mmoja wa kizungu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, na bruda alipozeeka na kurudi kwao akamwachia kitabu cha Kiingereza juu ya maisha ya Amos Thirkell, mmoja wa Waingereza wa kwanza kuchonga picha kwenye chuma badala ya shaba. Leonardi hakujua Kiingereza. Alitazama picha tu, na kutokana na picha akatunga maisha mazima, akamwita Mzee Amosi, akamtaja mezani kama vile ni babu wa ukoo aliyekwenda safari. Alieleza jinsi Mzee Amosi alivyolainisha chuma kwa moto kabla ya kukichonga, kisha akachonga mistari myembamba kuliko unywele, siku nzima dirishani, karatasi nyeupe ikiwa imetandazwa mbele ya kioo ili jua lisimchome macho. Shaba huchoka baada ya nakala mia chache. Chuma cha Mzee Amosi kilitoa maelfu, na ya mwisho ilitoka safi kama ya kwanza.

Na palikuwa na kisa kimoja ambacho watoto walikidai kila mara. Katika kitabu kulikuwa na picha ya soko, na pembeni chini, penye jina la Mzee Amosi, kulikuwa na doa la kijivu. Leonardi alisema kwamba mshirika wake Amosi alimwibia bamba lile, akafuta jina lake, akachonga la kwake. Miaka kumi na moja Amosi alilitafuta. Alipolipata alirudisha jina lake, lakini doa alilolifanya mwizi akaliacha makusudi, kila nakala itoke nalo, dunia nzima iulize. "Hasira ya fundi ikishaingia kwenye chuma," Leonardi alikuwa akisema, "haitoki hata mwenyewe akifa." Kisha alicheka. Nzigire hakuwahi kucheka kisa hicho. Alikipenda mno.

Vita vilipofika Bukavu mwaka wa tisini na sita, Leonardi alikuwa amemaliza bamba la marehemu mkewe wiki tatu tu kabla. Walikimbia kwa miguu. Nzigire alibeba binti yake Précieuse, mzee alibeba begi la vyombo vyake, na Balagizi, mwenye mabega, akasema atabeba bamba. Alilifunga kwa kitenge cha Veridiana mwenyewe. Kwenye njia panda watu walikatika makundi mawili, na kundi la Balagizi halikuonekana tena. Leonardi alikaa kambi ya Nyarugusu miaka saba akiuliza kila mgeni aliyeshuka kwenye lori, "Bamba limefika?" Siku ya kufa aliuliza tena. Nzigire akamwambia, "Limefika, baba. Yaya Balagizi amelileta." Mzee akafumba macho akiwa ameridhika. Uongo ule Nzigire aliubeba mpaka Amerika, na haukupungua uzito.

Na sasa bamba lilikuwa ukutani Cheektowaga, kando ya Buffalo, na mama yake alikuwa amepewa mtoto mwingine.

Jioni ile, katika nyumba yake ndogo ya mtaa wa Iroquois, Nzigire aliomba Kavugho amtumie picha, akaikuza tena. Uso ulikuwa kinyume, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Bamba la kuchapia huchongwa kinyume. Kovu la shavu la kushoto unaliweka kulia, na ukipaka wino na kugandamiza karatasi kila kitu kinageuka na kukaa mahali pake. Jina la fundi nalo huchongwa kinyumenyume. Lakini hapa jina lilisomeka vizuri kabisa kwenye chuma. Aliyechonga uso alikuwa anawaza karatasi. Aliyechonga jina alikuwa anawaza ukuta.

Nzigire alikuwa hajawahi kumchukia mtu kwa raha namna ile. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyepata kazi mpya.

Mwezi wa nane mwaka huo wa 2015 alipanda basi la asubuhi mpaka Columbus, alikokaa Précieuse, sasa mwanamke wa miaka ishirini anayehudumia wazee. Njiani alisoma. Kitabu cha Mzee Amosi, kile kile chenye picha ya soko, alikuwa amekikuta katika maktaba ya Louisville miezi michache nyuma, akakumbatia rafu watu wakamshangaa. Kiingereza chake kilikuwa cha ghala na cha bili, kwa hiyo alisoma ukurasa mmoja kwa siku, kamusi mapajani, na alikuwa bado hajafika hata nusu. Mpaka hapo Amosi wa kitabu alikuwa mtu mpole, mwana wa fundi makufuli, anayelipwa kwa kipande na kuumwa macho. Nzigire alikuwa anasubiri sehemu ya mwizi kwa hamu.

Précieuse alimpeleka kwa gari hadi Clintonville, mtaa wenye miti mikubwa na vibaraza vya mbao, akabaki garini. Balagizi mwenyewe alifungua mlango. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na shingoni alining'iniza miwani kwa kamba kama profesa. Alimtazama Nzigire, akavaa miwani, akamtazama tena.

"Dada Nzigire," alisema. "Nilijua mulikufiaka bote."

"Hatukufa, yaya. Nikaribishe."

Mkewe, Esperance, alileta chai na maandazi, akafurahi kwa moyo mweupe kupata mgeni wa nyumbani. Yeye ndiye aliyeanza kusema habari za bamba, masikini, akidhani anampa mumewe sifa: jinsi alivyomchonga mama yake mzazi akiwa kijana, jinsi kanisa la Cheektowaga litakavyomvalisha joho mwezi wa kumi, siku ya kusherehekea miaka mitano ya kanisa. Nzigire alikoroga chai. Alimwangalia Balagizi usoni, na Balagizi akaangalia kikombe.

Esperance alipoingia jikoni, Nzigire aliuliza polepole, "Ni mama yako yule, yaya?"

"Alinikulisha myaka mbili," Balagizi alijibu kwa sauti ya chini. "Nilikuwa namuita mama. Yeye pia alikuwa ananiita mutoto wake. Donc nilikosa wapi?"

"Na baba? Yeye alikuwa nani kwako?"

Balagizi akamsogezea sahani ya maandazi. Nzigire akabadilisha sauti, ikawa tamu. "Basi nichapie hata nakala moja niende nayo. Sina picha ya mama hata moja."

Balagizi alishtuka kiasi cha kumwaga chai. "Hapana. Ile bamba haigusiwake na wino. Iko kitu takatifu. Niliambia pasta vile vile, kioo isifunguliwake."

Hapo ndipo Nzigire alipoelewa, na ilibidi ainame kama anatafuta kitu mkobani ili uso wake usionekane. Chuma kinachoweza kutoa nakala maelfu, na mwenyewe hataki kutoa hata moja! Balagizi alikuwa amejaribu, mara moja tu, akaona kilichotoka, akaogopa.

Maana mchongaji akilikwaruza jina mpaka liishe, anaacha bonde. Jicho halilioni, kidole hakilijui, lakini wino unalijua. Bonde hunywa wino, na kwenye karatasi hutoka doa. Kwa hiyo fundi kamili akishafuta hugeuza bamba, akatafuta mahali pale pale kwa nyuma, akagonga kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, mpaka bonde liinuke liwe sawa na uwanja wake. Leonardi alilifundisha jambo hilo mwaka wa tano, mwishoni kabisa, akiliita somo la nyundo; Nzigire alilipata kwake kambini. Balagizi alikaa miaka minne.

"Sawa, yaya," Nzigire alisema. "Asante kwa chai."

Garini Précieuse alimuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama yule mzee alikuwa mtu mzuri. Nzigire akajibu kwamba ni mtu asiyemaliza masomo.

Kisha akaanza kujiandaa, na sikufichi, wiki zile zilikuwa za furaha kwake. Alimpigia simu pasta Nshombo wa Cheektowaga akajitambulisha kuwa ni mtu wa uchapaji kutoka Louisville, mtoto wa nyumba moja na Balagizi. Alitaka kutoa zawadi siku ya sherehe: achape picha ya bamba mbele ya waumini, kila familia iondoke na moja. Pasta aliimba aleluya kwenye simu. "Ila baba mchungaji," Nzigire alisema, "yaya Balagizi asijue. Nataka kumfurahisha." Pasta aliahidi, na katika mambo ya kufurahishana pasta Nshombo alikuwa mtu wa kuaminika.

Alinunua wino mweusi mzito na karatasi nene. Alikata chandarua cha zamani vipande vya kufutia, kama baba yake alivyofanya. Na kutoka chini ya kitanda alitoa begi la Leonardi lililopitia Nyarugusu: kalamu za chuma, kikwaruzo, kipimo cha chuma chenye miguu miwili iliyopinda, cha kutafutia mahali pa nyuma, na nyundo ndogo yenye uso mviringo. Nyundo aliisugua mafuta mara tatu.

Kavugho aliendesha gari kwa saa tisa mpaka Buffalo. "Mama Précieuse," alimuuliza njiani, "kweli unaenda kuchapa tu?"

"Kuchapa tu," Nzigire alisema, na Kavugho akaongeza sauti ya redio.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Lilikuwa duka la mazulia zamani, sasa limepakwa rangi ya maziwa, na baada ya ibada viti vilisogezwa, sombe na fufu na samaki vikapangwa ukutani. Balagizi alikaa mbele katika joho la zambarau walilomvalisha, Esperance akiwa kando yake. Pasta alishika maikrofoni akatangaza kwamba kuna zawadi ya siri kwa artiste wao. Vijana wawili wakashusha fremu na kufungua kioo. Nzigire akatoka nyuma na beseni lake la maji. Siku hiyo alikuwa amefunga shali mpaka usawa wa macho.

Balagizi alisimama. "Pasta, niliomba isiguswe."

"Tulia, mtumishi," pasta akasema akicheka. "Iko dada yako."

Watu wakapiga makofi. Angeweza kusema nini? Alikaa.

Nzigire hakuharakisha. Alilowesha karatasi. Alipaka wino juu ya uso wa mama yake mpaka ukafunikwa kabisa, na watoto waliokusanyika mezani wakanung'unika kwamba anaharibu. Kisha akafuta kwa kipande cha chandarua, akafuta kwa kiganja, na wino ukabaki ndani ya mistari peke yake. Mtambo hakuwa nao. Alilaza karatasi, juu yake kitambaa, akachukua kijiko kikubwa cha wali kutoka jiko la kanisa na kusugua kwa mgongo wa kijiko, inchi kwa inchi, akitoa jasho. Kambini walichapa hivyo kadi za Krismasi.

Alipoinua karatasi, watu walisogea karibu. Veridiana alikuwa amegeuka, akatazama upande wake wa kweli, kovu kwenye shavu la kushoto. Chini yake palikuwa na doa la kijivu kama alama ya kidole kichafu, na ndani ya doa jina la Balagizi likiwa kinyumenyume.

"Jina inageuka juu ya nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Wino mubaya," Balagizi alisema haraka.

Nzigire akachapa ya pili. Doa lilikuwa pale pale. Akalifuta bamba wino, akaligeuza, akamwonyesha pasta mgongo wake, laini, bila hata alama moja. Ndipo akamgeukia Balagizi, akasema kwa sauti ya adabu ambayo kila mtu aliisikia.

"Yaya, fundi akifuta jina, huku nyuma anafanya nini?"

Balagizi alisogea mezani. Akautazama mgongo wa bamba kama mtu anayeutafuta mlango. Alikuwa hajui, na watu mia mbili wakamwona hajui.

Nzigire akawaeleza, kwa maneno machache: bonde, wino, nyundo, mwaka wa tano. Kisha akafungua shali. Ndani alikuwa amefunga kilemba, mkunjo kwa mkunjo, kama cha kwenye karatasi. Alisimama kando ya nakala. Alikuwa na umri ule ule aliochongwa nao mama yake, pua ile ile, kidevu kile kile. Watu walitazama karatasi, wakamtazama yeye, na mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia. Esperance alijisogeza taratibu kutoka kiti cha mumewe mpaka kiti cha pembeni.

Balagizi alipiga magoti. Ukweli ni kwamba hakukataa. Alisema bamba lilikuwa la Leonardi, kwamba alisikia wote wamekufa, kwamba alipofika ugenini bila mtu wala jina alitaka kuwa mtoto wa mtu. Alilia kwa sauti. Pasta Nshombo, ambaye sherehe ilikuwa imemponyoka mikononi, alifanya ambacho wachungaji wote hufanya: alishika mkono wa Nzigire na mkono wa Balagizi na kutaka kuiunganisha. "Mama, samehe hapa hapa, tuimbe, tule."

Nzigire alivuta mkono wake. "Amalize somo kwanza."

Aliweka mezani kikwaruzo na nyundo. Mbele ya watu wote alimfanya Balagizi akwaruze jina lake mwenyewe. Ilichukua karibu saa nzima. Samaki walipoa, watoto walitoka nje kucheza, wakubwa hakuna aliyethubutu kuchukua sahani. Kila unyuzi wa chuma ulipotoka Nzigire aliupuliza mezani, na kila alipopuliza alisikia utamu kooni. Halafu akashika kile kipimo, mguu mmoja juu ya bonde, mwingine ukamwonyesha mahali pale pale nyuma, akapaweka alama ya chaki. Akaligeuza bamba, uso wa Veridiana ukalala chini juu ya kadibodi.

"Gonga. Polepole."

Shingo ya mama yake ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye chaki. Pigo moja la upande lingemwachia uvimbe wa milele. Nzigire alilijua hilo, na bado nyundo alimpa mkono unaotetemeka, kwa sababu alitaka kuona unavyotetemeka. Balagizi aligonga. Akapumua, akagonga tena. Kwenye pigo la tano mkono wake ulianza kutulia. Alikuwa na mkono mzuri, Leonardi alisema hivyo siku zote. Kwenye la nane alisimama mwenyewe, akageuza bamba, akapitisha kidole gumba, na uso wake ukabadilika, ukawa wa yule kijana wa chumba cha uani.

"Linapanda," alisema. "Dada, linapanda kweli. Ikiwa bado mara tatu, ine, linaisha."

"Inatosha."

"Lakini bado. Angalia, iko bado kidogo. Niache nimalizie baba kazi yake."

"Nimesema inatosha," Nzigire alisema. "Liache hivyo hivyo."

Balagizi alimtazama mpaka akaelewa. Kisa cha Mzee Amosi alikuwa amekisikia mezani mara nyingi kama yeye. Aliweka nyundo chini kwa mikono miwili, akavua lile joho, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti. Pasta hakulidai bamba, na Nzigire alirudi Louisville nalo mapajani, saa tisa zote, na hakutaka hata kulala.

Nyumbani alichonga jina. LEONARDI, kinyumenyume, kwa kalamu ya Leonardi, juu ya kile kibonde kilichobaki. Alilichonga kwa kina, liishi. Majira ya baridi alipata karakana yenye mtambo wa kuchapia pale Louisville, wakamruhusu kuutumia Jumamosi, akatoa nakala thelathini. Zilikuwa nzuri. Kila mkunjo wa kilemba ulihesabika, na chini, jina la baba yake lilikaa wazi ndani ya wingu la kijivu, kama alivyotaka.

Alimpa Kavugho moja. Kavugho aliitazama, akaweka kidole chini. "Hapa pamechafuka na nini?" Nzigire akamweleza kisa chote cha Balagizi, ingawa Kavugho alikuwepo. Aliipeleka ghalani, msimamizi akauliza doa ni la nini, akamweleza. Waumini wa kanisa lake pale Iroquois waliuliza, akawaeleza. Mwanzoni alikieleza kisa kwa nguvu, akionyesha kwa mikono jinsi mtu alivyopiga magoti.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata alifika mwisho wa kitabu. Ilikuwa Jumapili mchana, theluji nje, kamusi mapajani. Sehemu ya mwizi ilikuwepo kweli: mshirika, jina lililofutwa, miaka kumi na moja. Lakini bamba la soko liliporudi mikononi mwa Amosi, kitabu kilisema, alikuwa karibu kipofu. Alilikwaruza na kuligonga kwa kupapasa, wiki nzima, akitaka litoke safi. Halikutoka. Alimuuliza binti yake kama doa limeisha, na binti akamwambia limeisha. Alikufa mwaka ule ule, akiamini hivyo.

Nzigire alisoma ukurasa ule mara nne, akitumaini kwamba ni Kiingereza chake. Kisha akafunga kitabu na kukaa nacho.

Wiki hiyo hiyo Précieuse alikuja kutoka Columbus. Mama yake alikuwa amemwekea nakala bora kuliko zote, ndani ya fremu, imefunikwa kitambaa. Précieuse hakuwahi kumwona bibi yake, hata kwenye picha. Nzigire alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu kambini. Alifunua kitambaa, akasogea nyuma, akayaangalia macho ya binti yake. Yalipita kilemba, yakapita kovu, yakashuka moja kwa moja hadi chini.

"Ni nini hiki?" Précieuse aliuliza. "Ndilo doa la yule Balagizi?"

Usiku ule Nzigire hakulala. Asubuhi, Précieuse akiwa bado amejifunika sebuleni, Nzigire alilitoa bamba na kuliweka juu ya meza ya jikoni. Akachukua kipimo, akaweka mguu mmoja juu ya doa, mwingine ukapata mahali pake nyuma. Mapigo matatu, manne, Balagizi alikuwa amesema. Alishika nyundo. Ndipo akaona alichokuwa amekifanya. Jina la baba yake lilikuwa limechongwa ndani ya kibonde chenyewe, kwa kina, kama alivyolitaka, na bonde likiinuliwa jina lazima lisawazishwe pamoja nalo. Ili kumtoa Balagizi ingembidi kwanza amkwaruze Leonardi, kwa mkono wake, mpaka aishe.

Précieuse aliamka akamkuta amesimama hivyo, kikwaruzo mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Akamuuliza kama anataka chai. Nzigire akasema ndiyo, akasogeza bamba kidogo ili vikombe vipate nafasi.